Kumtunza Mpigaji, Kuitunza Ngoma: Tathmini ya Maisha ya Kimuziki ya Elizabeth Crotty

Makala hii inatathmini maisha ya kimuziki ya Elizabeth Crotty (1885–1960), mpigaji wa konsatina kutoka magharibi mwa kaunti ya Clare nchini Ayalandi. Hoja inayotetewa ni kwamba ufundi wake hauwezi kupimwa kwa haki iwapo utatenganishwa na sakafu ya ngoma uliyoitumikia.

Konsatina ni kinanda kidogo cha mvukuto kinachoshikwa kwa mikono miwili. Katika aina iliyoenea Clare, kitufe kimoja hutoa noti moja mvukuto unapobanwa na noti nyingine unapovutwa. Mpigaji anayefuata safu moja ya vitufe hulazimika kubadili mwelekeo wa mvukuto mara kwa mara, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoupa muziki mdundo wake. Upigaji wa Crotty ulikuwa wa mkondo huo: lahani iliyo wazi, madoido machache, mapigo thabiti. Msikilizaji aliyezoea mabingwa wa baadaye, wanaovuka safu na kurembesha kila kifungu, huenda akauona upigaji huu kuwa sahili mno. Hata hivyo, mcheza ngoma hahitaji kustaajabishwa. Anahitaji kujua mguu utue wapi. Usahili wa Crotty, kwa hiyo, ni jibu la kisanii kwa hitaji la mchezaji.

Mahali pa kuchezea napo palikuwa na historia yake. Sheria ya Kumbi za Dansi ya 1935 ilidai leseni kwa dansi za hadhara. Katika utekelezaji, polisi na makasisi waliitumia pia dhidi ya ngoma za majumbani. Jiko la mkulima, lililokuwa ukumbi na darasa kwa pamoja, likaanza kunyamaza. Baa ambayo Crotty na mumewe waliiendesha mjini Kilrush ikawa miongoni mwa mahali ambapo muziki huo uliendelea kupata masikio.

Katikati ya miaka ya 1950, Ciarán Mac Mathúna wa redio ya taifa alimrekodi Crotty, aliyekuwa amefikia umri wa takriban miaka 70. Kanda hizo zilimpa umaarufu wa nchi nzima, nasi tunamsikia leo kwa sababu yake. Lakini kanda husikika bila visigino vya wachezaji, na hapo ndipo kipimo kinapopotoka: muziki wa miguu huhukumiwa kwa masikio peke yake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Crotty alitunzwa: tawi la Clare la chama cha wanamuziki, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, lilimfanya rais wake hadi alipofariki. Kumtunza mcheza, hata hivyo, si sawa na kuitunza ngoma. Sera inayogharimia vinasa sauti huku sheria ikifunga nyua za kuchezea huhifadhi jibu na kulipoteza swali. Watunga sera wanapaswa kuanza na uwanja, kisha kinasa sauti.