Kuhesabu Mizani ya Dante

Dante Alighieri alituachia mishororo 14,233. Huo ndio urefu wa Komedia yake, kazi aliyoitunga uhamishoni baada ya kufukuzwa Florence mwaka 1302, akaendelea nayo karibu mpaka alipofariki Ravenna mwaka 1321. Ina nyimbo 100: 34 za Jehanamu, 33 za Toharani na 33 za Peponi. Kwa kawaida kila mshororo una mizani 11. Nafundisha ushairi wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Geita, na nimekaa na hesabu hizi muda mrefu. Kila ninapozirudia, namheshimu zaidi fundi aliyezisimamisha.

Geita inakijua Kiitaliano, lugha ya Dante, kupitia kanisa. Mapadre na masista wa Jimbo Katoliki la Geita, lililoundwa mwaka 1984, wakipelekwa Roma kusoma teolojia hulazimika kwanza kujifunza lugha. Wengine huanzia Perugia, mji ambao umekuwa ukiwafundisha wageni Kiitaliano tangu mwaka 1921. Lugha huwa mlango tu. Wakishaingia, wanashughulika na yaliyomo ndani. Anayekwenda kwa ajili ya lugha yenyewe, kwa ajili ya fasihi yake na watu wake, ni nadra. Namfahamu mmoja. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Nyankumbu, ambaye baba yake anasimamia karasha ya mawe huko Rwamgasa. Binti huyu anasoma shahada ya lugha na fasihi katika chuo kimoja cha Italia ya kati. Watu humuuliza, tena kwa nia njema, Kiitaliano kitamlipa nini wakati kijana mwenye mtaji kidogo hapa kwetu ananunua mifuko ya mawe, anaisagisha, na kabla ya mwezi kuisha ameshajua kama amepata au amekosa. Huwajibu kwa upole. Mimi napenda kujibu kwa kueleza kazi anayoifanya, kwa sababu ukimtazama akiifanya swali lenyewe hupungua nguvu.

Alipokuja likizo alinitembelea nyumbani. “Shikamoo Mwalimu.” Nikamwambia, “Marahaba mwanangu, fungua hicho kitabu tuone.” Akafungua Jehanamu, akasoma ubeti mmoja kwa sauti ya chini huku vidole vya mkono wa kushoto vikigonga meza, kisha akachukua penseli na kuchora upinde mdogo chini ya irabu mbili zilizokaa jirani. Akagonga tena. Akachora upinde wa pili. Akarudia mpaka mshororo ukatulia kwenye kumi na moja. Halafu ndipo akaanza kunieleza maana.

Upinde ule ndio somo la kwanza, na ndilo linalompa taabu mtu aliyelelewa na mizani yetu. Sisi kila irabu tunaipa haki yake: *kaa* ni mizani mbili, *sauti* ni tatu. Mwitaliano, neno likiishia na irabu na linalofuata likaanza na irabu, huziyeyusha mbili zikawa pigo moja. *Dolce amore* kwa hesabu yetu ni mizani tano; kwake ni nne. Ila mshairi akitaka, mahali fulani huziachanisha, na msomaji hana budi kusikia kwa nini. Hakuna kamusi itakayomwambia. Inabidi asome mishororo mingi mpaka sikio lijue.

Mpaka hapo mtu angedhani Mswahili ana hasara. Sivyo. Sharti kubwa la mshororo wa Dante limefungwa kwenye mkazo: lazima mkazo uangukie mizani ya kumi. Neno la mwisho likiwa na mkazo kwenye silabi yake ya mwisho, mshororo hubaki na mizani kumi na bado ni halali. Mkazo ukikaa silabi ya tatu kutoka mwisho, mizani huwa kumi na mbili. Pamoja na huo wa kumi, kwa kawaida kuna mkazo mwingine kwenye mizani ya nne au ya sita, na hapo ndipo mshororo hupumua. Kiswahili mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mshororo wetu wa mizani kumi na moja, mradi usiishie na neno la silabi moja, umelitimiza sharti la kumi bila mtunzi kutoka jasho. Nilipolitambua hili nilisimama katikati ya darasa tupu nikahesabu kwa sauti.

Na kuna jambo linalowahusu Wasukuma hasa. Kiswahili kina irabu tano. Kiitaliano, kwenye silabi zenye mkazo, kina saba, kwa kuwa *e* iko namna mbili na *o* iko namna mbili. *Pesca* yenye *e* iliyobanwa ni uvuvi. *Pesca* yenye *e* iliyopanuka ni tunda la pichi. Maandishi ni yale yale. Kisukuma nacho kina irabu saba. Mipaka yake haikai mahali pale pale, lakini mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma ameshazoea kwamba sauti mbili zinazofanana kwa sikio la mgeni zinaweza kuwa maneno mawili. Binti yangu huyu anasema tofauti hiyo aliipata mapema, wakati wenzake darasani bado wanakisia. Konsonanti zinazorefushwa ndizo zilizomchelewesha: *nono* ni wa tisa, *nonno* ni babu, *pala* ni chepe, *palla* ni mpira. Na *r* na *l*, kwa kuwa Kisukuma chenyewe hakina *r*. Alizifanyia mazoezi akitembea njiani kwenda chuoni.

Tuje kwenye vina, kwa sababu hapo ndipo ufundi wa Dante unaponishinda maneno. Beti zake ni tathlitha, mishororo mitatu mitatu. Mshororo wa kwanza na wa tatu vina vyake ni sawa. Wa pili una kina cha peke yake. Kina hicho cha peke yake ndicho kinachokuwa kina cha nje katika ubeti unaofuata, ambao nao katikati yake huzaa kina kipya, na hicho kipya kikahamia mbele. Hakuna ubeti unaojitosheleza. Kila mmoja unaacha deni ambalo jirani yake atalilipa. Wimbo ukifika mwisho, mshororo mmoja husimama peke yake na kulipa deni la mwisho.

Sisi tuna pindu, ambayo wengine huiita mkufu au nyoka, ambapo maneno yaliyofunga ubeti mmoja hufungua ule unaofuata. Tuna utenzi, ambao vipande vitatu vyake hupatana vina na cha nne hubeba kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 unakwenda hivyo kwa beti zaidi ya elfu moja. Mshairi wa utenzi ameshika kamba moja ndefu na hawezi kuiachia. Dante amechagua njia nyingine: hashiki kamba moja, anasokota nyingi fupi zinazopishana, na kila kamba inakatika baada tu ya nyingine kuwa imeshaanza. Siwezi kusema ipi ni ngumu zaidi. Naweza kusema kwamba mwanafunzi aliyetunga pindu hata moja akiwa kidato cha tatu haoni ajabu Dante alitaka nini. Anachoona ajabu ni kwamba aliweza.

Piga hesabu nawe. Kwa kuwa kila wimbo ni beti za mishororo mitatu na mshororo mmoja wa kufungia, toa mishororo 100 ya kufungia kwenye 14,233, gawa kwa tatu, unapata beti 4,711 kamili bila baki. Wimbo wa kwanza wa Jehanamu una mishororo 136: beti 45 na mmoja wa kufunga. Nyimbo fupi kuliko zote zina 115, ndefu kuliko zote ina 160, na zote zinatii. Katika kila wimbo kina cha kwanza na cha mwisho husikika mara mbili, vingine vyote mara tatu.

Mpango huu haukuwa pambo. Kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa na mkono wa Dante mwenyewe uliotufikia. Mnakili aliyeruka ubeti alikuwa amekata mnyororo, na mtu wa pili akisoma angesikia pengo. Aliyetaka kuchomeka ubeti wake mwenyewe asingepata pa kuuingiza. Vina vililinda kazi wakati mwenyewe hayupo. Giovanni Boccaccio, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa hadithi, aliinakili Komedia yote mara tatu kwa mkono wake, na mwaka 1373 mji wa Florence ukamwajiri aisome na kuieleza hadharani kanisani, wimbo baada ya wimbo. Desturi ile haijafa. Hata leo mwanafunzi wa fasihi nchini Italia mara nyingi hukaa uso kwa uso na mhadhiri wake, anafunguliwa ukurasa, anasoma kwa sauti, kisha anaeleza mshororo kwa mshororo. Alama ni kwa thelathini. Kumi na nane ndiyo ya kufaulu. Mtihani wa namna hiyo haumpi mtu nafasi ya kujificha nyuma ya alichokariri. Namna anavyosoma tayari inaonyesha kama ameelewa.

Kujaribu kama lugha yetu inaubeba mpango huu, nilitunga kipande kifupi, beti mbili na mshororo wa kufunga, nikazingatia mizani kumi na moja na mkazo wa nne au wa sita:

Kumekucha nashuka mgodini,
taa kichwani, njia naipita,
wenzangu wapo, hatuonekani.

Jina langu kwa juu aliita
mama yangu, sauti ya huruma,
nami mwamba kwa nyundo naukata

mpaka jua kule likazama.

Si shairi kubwa, lakini linasimama. Lilichonifundisha ni mahali uzito ulipo. Kina chetu ni silabi ya mwisho tu, *-ta* kwa *-ta*. Kina cha Kiitaliano huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, kwa hiyo aghalabu ni silabi mbili. Kwa kanuni hiyo *naipita* na *aliita* vinapatana, bali *naukata* lingekataliwa mlangoni. Dante alifanya vile mara elfu kadhaa, na ndani ya vifungo hivyo aliweka wafalme, mapapa, jirani zake, mapenzi, siasa za mji wake na nyota. Sehemu zote tatu za Komedia zinaishia na neno nyota.

Njia kati ya lugha hizi mbili imeshapitwa pia kutoka upande wetu kwenda kwao. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo kisiwani Ukerewe mwaka 1944, alivunja vina na mizani katika *Kichomi* mwaka 1974, na ugomvi ulioanzia hapo kati ya wanamapokeo na wanausasa mimi bado naufundisha. Mwaka 1987 mashairi yake yalitoka mjini Naples kwa Kiitaliano, kwa jina la *Sofferenza*, yakiwa yametafsiriwa na Elena Bertoncini Zúbková. Mama huyu alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha L'Orientale, na aliandika historia ya riwaya na tamthilia za Kiswahili ambayo wasomi wetu wenyewe wanaitegemea. Nafikiri alijichagulia kazi ngumu. Penye vina mfasiri ana kitu cha kushika. Kezilahabi alivitupa vina, akabakiza pumzi na mahali pa kukata mshororo. Kuihamisha pumzi ya Mkerewe mpaka kwenye lugha inayoyeyusha irabu zake kunataka sikio lililokaa pande zote mbili kwa miaka.

Binti wa Nyankumbu anataka kufanya safari ya kinyume chake, na ameanza na Jehanamu. Amechagua tathlitha, mizani kumi na moja, vina vyenye kupokezana, kina cha silabi moja kwa kanuni yetu. Nilimuunga mkono katika hilo la mwisho. Kumlazimisha Mswahili kina cha silabi mbili ni kumnyima msomaji sikio alilozoea. Mshororo mmoja humchukua jioni nzima. Vitenzi vyetu vinamletea *-a* kwa wingi, na anajihadhari nayo, asije akajaza ubeti kwa kina kilichojileta chenyewe.

Kuna jambo moja lililomtatiza, akaniuliza, ingawa liko mbali sana mbele yake. Katika Jehanamu yote Dante hakumtaja Kristo kwa jina hata mara moja. Katika Peponi anamtaja mwishoni mwa mshororo, na kila anapofanya hivyo hampatanishi na neno lolote lingine: kina cha Kristo ni Kristo, na tena Kristo, mara tatu zote za kina hicho. Amefanya hivyo mahali panne. Kwetu kurudia neno lile lile kama kina ni kosa, na mimi mwenyewe nimewakata wanafunzi alama kwa ajili yake miaka yote.

“Sasa Mwalimu, nikifika pale nitafanyaje?”

Nikamwambia arudie. Aliandike mara tatu, kwenye nafasi zile zile tatu, na kanuni yangu aiweke pembeni kwa beti hizo.

Kwa sasa yuko wimbo wa sita, mmoja wa zile fupi, mishororo 115.