Samaki Aliyetupwa Sakafuni

Mwanafunzi wa Kisumu akipewa karatasi nyeusi na mkasi, aghalabu hukata ngege, akambandika katikati ya karatasi nyeupe, na mabaki akayatupa. Nami nilifanya vivyo hivyo, hata mwalimu wangu akainama, akayaokota mabaki yale sakafuni na kuyabandika kwenye ukuta mweupe. Pengo lililokuwamo lilifanana na ngege kuliko ngege wangu.

Mkasi hupita mara moja, lakini huzaa maumbo mawili: la kitu na la uwazi. Mvuvi hana haja ya kufundishwa hayo. Anunuapo wavu huuliza ukubwa wa matundu.

Mfaransa Henri Matisse alizidi kuushika mkasi baada ya kupasuliwa tumbo mwaka 1941. Katika picha yake ya bahari ya Polynesia, ya mwaka 1946, samaki, ndege na mimea ni vipande vyeupe juu ya miraba ya buluu ya namna mbili. Itazame buluu iliyobaki baina yao: nayo ina umbo, yasukuma na kusukumwa. Kwangu mimi, picha hii yaishinda ile mashuhuri ya Ikaro, katika kitabu chake *Jazz* cha 1947, ambamo mtu mweusi aelea na buluu yabaki kuwa anga tu.

Basi nenda Dunga, umtazame yangeyange amesimama mbele ya mafunjo. Usimkate ndege, kata mafunjo peke yake, weupe wa karatasi uwe ndiye yeye. Miguu yake ndiyo itakayokutoa jasho.