Kasoro Inayojulikana na Nani? Lugha ya Uwazi katika Nyaraka za Programu

Miongoni mwa nyaraka za programu za kompyuta, orodha ya kasoro zinazojulikana ni utanzu mnyonge. Huandikwa mwishoni, kwa haraka, na mara nyingi hubaki mikononi mwa mafundi. Watetezi wa usiri hutoa hoja mbili: orodha huwapa wadukuzi ramani, na huwapa mawakili wa wateja ushahidi. Hoja ya kwanza ina uzito kwa muda, hadi marekebisho yasambazwe. Ya pili ndiyo hasa sababu ya kuichapisha.

Uingereza, Fujitsu ilitunza kumbukumbu ya makosa yanayojulikana ya mfumo wa Horizon, huku Shirika la Posta likiwashtaki wasimamizi wa posta ndogo kwa upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo huohuo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, baadhi yao kwa mashtaka ya mamlaka nyingine. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Desemba 2019 ilithibitisha kwamba kasoro za mfumo zingeweza kuzalisha upungufu wa aina hiyo.

Kenya nayo ina mfano wake. Katika uchaguzi wa Machi 2013, kura zilizokataliwa zilionekana kwenye skrini za kitaifa kuzidi 300,000. Baada ya mjadala kupamba moto, Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Katika matukio ya namna hii, msamiati wa kiofisi hukimbilia “hitilafu ya kimitambo”. Hitilafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni tofauti, kutolingana: hutaja kinachoonekana na kukaa kimya kuhusu kilichoandikwa ndani ya programu, na nani alikiandika. “Kasoro” angalau huuliza ni ya nani.

Katika vilima vya Bwesumbu, wilayani Kasese, swali hilo ni la kila mwezi. Takwimu za wagonjwa hutoka kwenye rejista za karatasi, hujumlishwa katika fomu HMIS 105, kisha huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Waundaji wake huweka kasoro hadharani, jambo la kupongezwa. Ila huziandika kwa Kiingereza cha mafundi kwa mafundi. Karani ambaye jumla zake hazilingani na rejista hana njia rahisi ya kujua kama kosa ni lake au la programu, na anayeulizwa kwanza ni yeye.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Miradi ya tafsiri hupenda kuanza na menyu na vitufe, kwa kuwa hivyo ndivyo wafadhili wanavyoviona. Ingefaa ianze na ukurasa wa kasoro: toleo la programu, fomu inayoathirika, dalili anayoiona mtumiaji, njia ya kuikwepa, na ofisi iliyopokea taarifa. Bwera, ambako Kiswahili huvuka mpaka wa Mpondwe pamoja na bidhaa, wasomaji wa ukurasa huo wapo tayari.