Bamba la Mzamiaji Huchaguliwa kwa Maji

Mzamiaji wa Mbalizi akitafuta maji ya kina hupita Tukuyu na Kyela mpaka Matema, Ziwa Nyasa. Maji ya huko ni ya uvuguvugu na hayana chumvi. Sifa hizo mbili ndizo ziamue bamba la mgongoni, kabla ya bei.

Bamba la chuma cha pua la milimita 3 huwa na uzito wa karibu kilo 2.7; la alumini, takriban kilo 1. Yote mawili hushika mtungi na mfuko wa hewa sawasawa. Sasa piga hesabu: maji ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5, hivyo mtu na vifaa vya jumla ya kilo 100 huhitaji vizito vya risasi pungufu kwa kilo 2.5 Nyasa kuliko baharini Mafia. Kwa vazi jembamba la mpira, chuma chaweza kumaliza uzito wote unaotakiwa, na hapo ndipo penye hatari. Mfuko ukipasuka, risasi za kiunoni huachiwa kwa mkono mmoja, bamba halitupiki. Kwa Nyasa, chukua alumini na risasi chache. Chuma kinamfaa mwenye vazi nene.

Mikanda iwe utepe mmoja wa nailoni, upana sentimita 5, uliopitishwa kwenye matundu ya bamba bila kuungwa mabegani. Ndivyo walivyofanya wazamiaji wa mapango ya Florida, akiwemo William Hogarth Main: kila kiungo cha ziada ni mahali pa kukatikia. Mbalizi, kando ya barabara ya malori ya Tunduma, mkanda wa kufungia mizigo una upana huohuo, lakini ukiwa laini hujikunja na pete huteleza. Tafuta mgumu.

Weka pete mbili kifuani na moja nyonga ya kushoto, ya kuning'inizia geji. Mkanda wa risasi uvaliwe mwisho, juu ya ule unaopita katikati ya miguu, usije ukanaswa. Mabega yalegee kiasi cha kufikia valvu ya mtungi kisogoni. Usikate ncha za utepe kabla ya kujaribu majini.

Jaribu mtungi ukibakiwa na bar 50, mfuko ukiwa mtupu. Kwa pumzi ya kawaida, maji yafike machoni. Ukiitoa, uzame taratibu. Ukizidi kuelea, ongeza risasi, usibadili bamba.