Kiwanja Kidogo na Watu Wake

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, na neno hili latufaa tutakapo kuhukumu uzuri wa kiwanja cha mchezo. Yuko mtu atakayehesabu viti, akapima urefu wa kuta na kutazama wingi wa taa, kisha akasema: hiki ni kizuri, kile ni kibovu. Mtu huyo ameuona mlango tu. Nataka, msomaji, tuingie ndani. Na nyumba niliyoichagua iko mbali, katika nchi ya Australia, ambako kuna mpira usiofanana na wetu, na viwanja vidogo ambavyo wenyeji huvipenda mno. Tuulize: je, mapenzi hayo yana haki, au ni kilio tu cha wazee juu ya siku zilizopita?

Kwanza yapasa tuujue mchezo wenyewe. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa katika mji wa Melbourne mwaka 1859. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani, na mpira si wa duara kama chungwa, bali ni mrefu kama yai. Mchezaji aweza kuupiga teke, kuudaka, au kuushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mwingine ili umfikie mwenzake. Kuurusha ni haramu. Kila mwisho wa kiwanja pamesimama milingoti minne. Mpira uliopigwa teke ukipita kati ya ile miwili mirefu ya katikati, timu hupata pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi ulio kando yake, hupata pointi 1.

Mchezo huu ulikulia katika bustani za miji na katika viwanja vya kriketi, ukichezwa majira ya baridi wakati kriketi imepumzika. Kwa hiyo kiwanja chake kina umbo la yai, na vipimo vyake havikufungwa kwa kamba moja: urefu waweza kuwa mita 135 au hata 185. Kila mahali pamekipa kiwanja chake tabia yake. Timu ya Essendon ilicheza mpaka mwaka 1991 katika kiwanja kiitwacho Windy Hill, yaani Kilima cha Upepo. Kile cha Glenferrie, walipocheza Hawthorn mpaka mwaka 1973, kilibanwa na njia ya reli hata kikawa chembamba. Huko Queenstown, mji wa machimbo ya shaba katika kisiwa cha Tasmania, moshi wa tanuri uliua miti ya milimani, na mvua ni nyingi mno. Wenyeji wakafanya kiwanja cha changarawe, kisicho na jani hata moja, na hapo huanguka na kuinuka mpaka leo. Mgeni afikaye viwanja kama hivi hashindani na watu 18 peke yao. Hushindana na mahali pia. Huu ndio uzuri wa kwanza, na hauwezi kununuliwa.

Uzuri wa pili ni ukaribu. Katika miji midogo ya mashamba, watu huja na magari yao, wakayasimamisha kuuzunguka ua wa kiwanja, na timu yao ifungapo bao hupiga honi badala ya makofi. Kando yake wasichana hucheza netiboli, na akina mama na akina baba wa kijiji huuza chai na mikate iliyotiwa nyama. Wakati wa mapumziko watazamaji huingia uwanjani, wakawazunguka wachezaji na kumsikiliza kocha akionya na kutia moyo. Mchezo ukiisha, watoto hukitwaa kiwanja kwa mipira yao mpaka giza liwafukuze. Anayecheza ni mkulima jirani au mwalimu wa shule. Anayetazama humjua yeye na baba yake. Mchezo hapa si bidhaa iliyoletwa kutoka mbali. Ni kazi ya watu wenyewe, mfano wa ngoma ya kijiji.

Lakini mhakiki mwenye kusifu bila kuchunguza ni mpiga zumari tu. Penye wengi pana mengi, na ukaribu una sumu yake. Tarehe 17 Aprili 1993, katika kiwanja cha Victoria Park mjini Melbourne, timu ya St Kilda iliishinda Collingwood kwao. Nicky Winmar, mchezaji wa St Kilda aliye wa wenyeji wa asili wa Australia, alitukanwa na watazamaji kwa sababu ya rangi yake. Mchezo ulipokwisha aliwageukia, akainua jezi yake, akaionyesha ngozi yake kwa kidole. Picha ya tendo lile ilienea nchi nzima. Mwaka 1995 wakuu wa ligi walitunga kanuni dhidi ya matusi ya ukabila na rangi, na mwaka 2019 sanamu yake ilisimamishwa mjini Perth. Fikiri, msomaji: ua ule ule ulioyaleta matusi karibu na masikio ya Winmar ulileta jibu lake karibu na macho ya waliomtukana. Kiwanja kidogo hakimfanyi mtu kuwa mwema. Humfanya aonekane alivyo.

Wako wasemao kwamba viwanja vikubwa ndivyo bora, na hoja zao si za kupuuzwa. Kiwanja kikuu cha Melbourne hupokea watu zaidi ya 100,000, na kile cha Docklands, kilichofunguliwa mwaka 2000, kina paa la kufungwa mvua inyeshapo. Viti, vyoo na usalama ni mambo ya maana, na hakuna fadhila katika kulowa. Hata hivyo tazama habari ya Fitzroy. Timu hiyo iliacha kiwanja chake cha Brunswick Street mwaka 1966, ikawa mpangaji wa kiwanja hiki na kile. Madeni yaliizidi, na mwaka 1996 iliunganishwa na timu ya Brisbane, mji ulio mbali zaidi ya kilomita 1,000. Siwezi kusema kwamba kuhama peke yake kuliiua. Lakini mti uliong'olewa mara nyingi hauwezi kuhimili kiangazi. Tangu mwaka 2009 jina la Fitzroy lachezewa tena pale pale Brunswick Street, katika ligi ya ridhaa, mbele ya jukwaa lililojengwa mwaka 1888.

Wala viwanja hivi si makaburi. Tarehe 3 Februari 2017 ligi kuu ya wanawake ilianza katika kiwanja cha Princes Park, ambacho timu ya wanaume ya Carlton ilikuwa imekwisha kukiacha mwaka 2005 kwa michezo yake mikubwa. Walikuja watu zaidi ya 24,000, milango ikafungwa, na wengine wakabaki nje. Nyumba iliyodhaniwa kuwa kuukuu ilipata wenyewe wapya.

Hukumu yangu basi ni hii. Mapenzi ya Waaustralia kwa viwanja vyao vidogo yana haki, ila si kwa sababu ya mbao za kale wala mikate ya nyama. Yana haki kwa kuwa viwanja hivyo humweka mtazamaji mahali ambapo neno lake husikika, naye hana budi kulijibia. Nawe, msomaji, utakapokihukumu kiwanja cho chote, hata cha shule yako, usianze na majani wala milingoti. Tazama ni nani wamesimama kandokando yake, na uulize ni nani asiyekaribishwa hapo.