Tumaini Alipopata Lengo

Wahakiki wetu wana tabia moja. Wakimkuta kijana anayezurura ndani ya riwaya, papo hapo wanamwandikia dawa: hana lengo, apewe lengo. Ndivyo anavyosomwa Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), msomi wa Chuo Kikuu anayeishia kujiua. Eti angekuwa na dira asingejiua.

Hivi jamani tumesoma kitabu kimoja? Kazimoto lengo analo, tena la wazi: kumlipizia kisasi dada yake Rukia kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Linamponyoka anapoishia kumwoa huyo huyo Sabina.

Mzito zaidi ni Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975). (Na jina hilo Kezilahabi hakulichagua bure.) Anarithi mali ya wazazi, anaitapanya kwa starehe na wanawake, anatangatanga. Kwa wahakiki wetu huyo keshakufa. Lakini angalieni anapofia. Hafi akizurura, bwana! Anakufa baada ya kutulia, ana shamba kubwa, anajua anachokitaka duniani. Siasa ya ujamaa inapolifikia shamba, anaua, naye ananyongwa. Lililompeleka kitanzini ni lile lile lengo.

Sisemi uzururaji ni sera. Nasema riwaya hizi zinauliza nani ana uwezo wa kumpokonya mtu lengo lake, na swali hilo halijibiwi kwa kumlaumu kijana. Anayelalamika kwamba mwandishi hatoi suluhisho atuambie basi: Tumaini angefanya nini na shamba lile?