Matatu Zilivyoingizwa Kwenye Ramani

Mwaka 2005, Google na TriMet, shirika la usafiri la Portland nchini Marekani, walitengeneza namna moja ya kuandika taarifa za mabasi na treni: jedwali la vituo, la njia, la safari, na la saa za kufika. Mfumo huo, GTFS, umesambaa katika nchi nyingi. Ila ulijengwa kwa miji ambayo usafiri wake una vituo rasmi na ratiba. Matatu ya Nairobi huondoka ikijaa.

Ndiyo maana kazi ya Digital Matatus inastahili kuchunguzwa kwa makini. Ilianza mwaka 2012, ikiwakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Columbia na MIT, pamoja na kampuni ya Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao, GPS ikirekodi njia, na kila gari liliposimama kushusha au kupakia, waliandika jina la mahali. Hapo ndipo penye ugumu. Steji nyingi hazina kibao. Jina la steji ni lile analolitaja makanga, kama Ambassadeur, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya hoteli yenye jina hilo. Je, mahali ambapo watu hushuka kila siku bila idhini ya mtu ni kituo? Waliamua kuwa ni kituo. Naona walifanya sawasawa: ramani ya abiria ifuate miguu ya abiria.

Suala la saa lilitatuliwa kwa kuandika muda unaokadiriwa kati ya gari moja na jingine, badala ya dakika kamili ya kuondoka.

Ramani ya karatasi ilitoka mwaka 2014, ikiwa na njia zaidi ya 130. Ilichorwa kwa mistari iliyonyooshwa, kwa mtindo ambao Harry Beck aliuanzisha kwenye ramani ya treni za London iliyochapishwa mwaka 1933. Kuipa kila njia rangi yake kungezaa fujo tupu, kwa hiyo rangi zikafuata barabara kuu, mfano Thika Road au Jogoo Road, na namba zikatofautisha njia. Ukiitazama, jambo moja linajitokeza mara moja: karibu kila mstari unakimbilia katikati ya jiji. Wakazi walilijua hilo kwa nauli zao, lakini sasa mpangaji wa jiji hawezi kudai hajaliona.

Data zilitolewa bure, na mwaka 2015 zikaingia kwenye Google Maps.

Udhaifu ni mmoja, na ni mkubwa. Njia za matatu hubadilika, barabara mpya hufunguliwa, kama Nairobi Expressway ya mwaka 2022, na mradi wa watafiti hauwezi kulifuatilia jiji milele. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ndiyo yenye wajibu huo. Itenge fedha, iajiri vijana wa kupanda matatu na kuzihuisha data hizo kila mwaka, na iendelee kuzitoa bure.